Nyumba Niliyoijenga Kwenye Njia ya Ng'ombe

Kabla hamjashika sururu, ulizeni ng'ombe walikuwa wanapita wapi.

Najua mtacheka. Ninyi mna simu zinazopima shamba mtu akitembea nazo mfukoni, mna mashine za kufyatua matofali, na wengine mmesoma ufundi mpaka mnaweza kuchora nyumba kabla haijawa na hata kigingi kimoja. Mimi nilianza kazi kwa kubeba maji ya zege kwa ndoo pale Haydom, na nimeacha kazi kwa sababu magoti yamekataa kupanda jukwaa. Kati ya siku hizo mbili nimejenga nyumba nyingi, Mbulu na Hanang, na nyingi bado zimesimama. Lakini nikiombwa niwaeleze vijana habari za kazi hii, huwa naanza na moja ambayo haikusimama. Zile zilizosimama hazikunifundisha sana.

Ilikuwa Nangwa, nyumba ya Mama Tluway.

Mama Tluway alikuwa mjane. Mumewe, Baba Tluway, alikuwa amezikwa kwenye shamba lao la mahindi na maharage, hatua chache kutoka kwenye kibanda walichoishi. Watoto walikuwa wameondoka kutafuta maisha. Aliyebaki naye ni mama mkwe wake, ambaye kijiji kizima kinamwita Bibi. Bibi alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Alitibiwa, akarudishwa kwa basi, lakini miguu haikurudi kama zamani. Alibebwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti kurudi kitandani. Kichwa chake kilikuwa kizima kabisa, na mdomo ulikuwa mzima zaidi.

Mama Tluway alitaka nyumba ya matofali, na chumba cha Bibi kiwe karibu na mlango ili aone wapita njia.

"Fundi, mimi nikienda shambani yeye anabaki peke yake," aliniambia. "Nyumba ikiwa na shida, mimi nitakimbia. Yeye hawezi. Jenga ukikumbuka hilo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa nisimame kidogo niwaambie kuhusu Fundi Yakobo, aliyenifundisha kazi, kwa sababu angekuwepo siku ile nisingefanya nilichofanya. Fundi Yakobo hakuwa na haraka. Akipewa kiwanja, siku ya kwanza hakugusa chombo. Alitafuta jiwe, akakaa, akala chakula chake cha mchana palepale. Wanawake wakipita na ndoo za maji aliwasalimia, akawauliza: mvua kubwa ikinyesha, mnapita wapi? Wanapokwepa wakati wa masika ndipo maji yanapopita, alisema, na hakuna ramani inayolijua hilo kuliko mtu mwenye ndoo kichwani. Alitazama miiba iliyoshika majani makavu na mabua, maana mabua hayapandi mtini yenyewe. Yaliachwa na maji. Alipapasa mashina ya migunga kutafuta mstari wa tope lililokauka. Jioni alirudi nyumbani bila kupiga hata kigingi kimoja, na mimi niliyekuwa nabeba ndoo nilidhani mzee ni mvivu.

Nilipokwenda kwa Mama Tluway, Fundi Yakobo alikuwa ameshatutoka, nami nilikuwa na tepu mpya, ile ndefu ya kitambaa inayojiviringisha ndani ya kibati cha njano. Nilijua sheria inataka mita sitini kutoka ukingo wa mto. Nikaenda mpaka kwenye korongo, ambalo ndilo mto wa pale, nikavuta tepu, nikafika kwenye kiwanja na mita nyingi za ziada. Nikamwonyesha Mama Tluway. Nikamwambia, hapa hata korongo likifurika halikufikii. Pale chini palikuwa sawa kama meza, shamba safi lililolimwa. Pembeni zilikuwepo safu mbili za minyaa mikubwa ya zamani, ile ya utomvu mweupe inayooteshwa ua, moja huku, nyingine kule mbali. Nikadhani ni mipaka ya watu. Sikukaa kwenye jiwe wala sikumuuliza mtu yeyote mwenye ndoo.

Nilijenga kwa matofali ya udongo, nikayaunganisha kwa udongo, kama tulivyozoea. Lakini kwa ajili ya Bibi niliongeza kitu nilichojivunia sana. Mlangoni niliweka kizingiti cha zege, kirefu, kinachofika katikati ya muundi wa mguu. Maji yakija, nilisema, yatagonga hapa yarudi. Zege likiwa bado bichi nikachukua msumari nikaandika jina langu: FUNDI SAFARI. Herufi kubwa, ili hata aliye barabarani asome.

Bibi aliletwa kwenye kiti kukikagua. Akakitazama.

"Hiki ni cha kuzuia maji au cha kuzuia wageni?"

"Maji, Bibi."

"Haya. Na wageni wataruka."

Masika ya pili ndiyo yaliyoleta maji. Mvua ilianza mlimani saa za mchana, Mama Tluway akiwa sokoni Katesh. Maji hayakutokea korongoni. Korongo lilijaa, ndiyo, lakini lilibaki kwenye ukingo wake, mbali kule, kama tepu yangu ilivyoahidi. Maji yalikuja kutoka upande wa mlima, yakapita katikati ya zile safu mbili za minyaa, yakaifikia nyumba kwa nyuma. Ukuta wa udongo ukilowa unakuwa kama mkate kwenye chai. Kona moja ya nyuma ikaachia, maji yakaingia ndani. Yalipofika mlangoni kutaka kutoka, yakakikuta kizingiti changu.

Kizingiti kilifanya kazi yake vizuri sana. Kilizuia maji. Kiliyazuia yasitoke.

Aliyemwokoa Bibi ni Gidamuda, mfugaji wa Kibarbaig, ambaye alikuwa anakimbiza ng'ombe wake kwenda pakavu. Alisikia kitu kinagongwa ngo-ngo-ngo. Ilikuwa Bibi, amekaa kitandani, anapiga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda, na maji yameshagusa godoro. Gidamuda alisukuma mlango ukagoma, kwa sababu ulifungukia ndani na maji yaliusukuma kwake. Akavunja dirisha, akaingia, akamfunga Bibi mgongoni kwa shuka lake na kutoka naye palepale dirishani. Hawakufika mbali kabla ukuta wa nyuma haujalala chini, na sehemu ya paa juu yake.

Nilifika siku iliyofuata. Bibi alikuwa kwa jirani, amefunikwa mablanketi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Fundi, nimebebwa mgongoni na Mbarbaig uzeeni. Ananuka maziwa." Kisha akaongeza: "Lakini anabeba vizuri. Hakunigonga kichwa hata mara moja."

Nilitamani anitukane, ingekuwa rahisi zaidi.

Gidamuda nilimkuta kwenye yale magofu, ameegemea fimbo, anaangalia tope. Ni rika langu, hatuogopani.

"Fundi," akasema, "unajua umejenga wapi?"

"Nilipima. Mita sitini na zaidi."

"Ulipima korongo. Umejenga barabarani."

Sikuelewa. Akanyoosha fimbo kwenye safu za minyaa, moja, halafu nyingine.

"Hapa katikati baba yangu alipitisha ng'ombe. Na baba yake. Kutoka mlimani kwenda kunywa maji, na siku ya mnada kwenda mnadani. Minyaa ilikuwa ya kuwazuia wasiingie mashambani. Halafu watu wakalima, njia ikafa. Wewe ukaona shamba. Maji hayakuona shamba."

Kisha akainama kukitazama kizingiti changu, ambacho kilikuwa bado kimesimama peke yake, bila nyumba, jina langu likisomeka vizuri kabisa. Nyuma yake maji yalikuwa bado yametuama.

"Na hili ni josho," akasema. "Umemjengea bibi josho. Ungeweka na dawa ya kupe."

Kama hujawahi kuona josho, ni lile handaki la saruji wanamotumbukizwa ng'ombe kuogeshwa dawa. Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli, na nikicheka nilikuwa naona aibu mpaka kwenye masikio.

Siku ile nilitafuta jiwe, nikakaa, nikala mchana wangu palepale. Nilichelewa kwa masika mawili, lakini nilikaa. Na kutoka pale chini nikaona nilichopaswa kukiona mwanzo. Lile shamba lililokuwa sawa kama meza halikuwa sawa. Lilikuwa na mbonyeo mpana, kama sahani, kutoka juu mpaka chini. Kwato za miaka mingi huvunja udongo ukawa vumbi, upepo unachukua vumbi, majani hayaoti, njia inazama kidogo kidogo. Ukija kulima juu yake unaufuta mchoro ila mbonyeo unabaki. Mvua ikija inatafuta pa chini, na pa chini pameshatengenezwa na ng'ombe. Ndiyo maana nawaambia muulize. Mkulima anayekuuzia kiwanja anaweza asijue, au asiseme. Mfugaji anajua, na atakueleza kwa furaha, hasa ikiwa unakaribia kukosea.

Msidhani ni watu wa tambarare tu wanaokosea. Sisi wa milimani tuna kosa letu. Babu zetu walichimba kilima ili nyumba iingie ndani, na paa lao lilikuwa la udongo, bapa. Paa tumeacha, tunaezeka bati, lakini mkono bado unataka kuchimba. Kule kwetu Maretadu nilimjengea kaka yangu mwenyewe nyumba ambayo mgongo wake umeegemea kilima. Mvua ziliponyesha, unyevu ukapita ukutani kimyakimya. Alikuwa ameegemeza magunia ya maharage kwenye ukuta ule. Alipofungua la kwanza, maharage yalikuwa yameota. Akaniita, akaniambia, "Mdogo wangu, umenijengea kitalu." Tangu hapo, kati ya kilima na ukuta naacha njia ambayo mwanamke mwenye ndoo kichwani anaweza kupita bila kugusa pande zote mbili, na chini yake mfereji wa mawe unaotoa maji pembeni. Si kazi kubwa. Ni siku mbili za sururu.

Turudi Nangwa.

Nilimwambia Mama Tluway nitamjengea upya, na kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Jenga palepale."

Nikamweleza habari ya njia, minyaa, mbonyeo. Nilieleza kwa utulivu, mara mbili. Alielewa vizuri. Shida haikuwa kuelewa.

"Fundi, ukihamisha nyumba, na wafugaji wakaifungua njia yao, itapita wapi? Kando ya kaburi la Baba Tluway. Mimi nimwache mume wangu alale njiani, kwato zikipita kichwani kwake? Ndiyo maana nataka nyumba iwe pale. Nyumba ikiwa pale, hakuna wa kupita."

Na masika mengine yalikuwa yanakuja, na Bibi alikuwa anaishi kwa jirani kwenye chumba kinachovuja.

Wakati huohuo mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano, kwa sababu nyumba iliyoanguka haikuwa hiyo moja tu, na kijiji kilitakiwa kutunga sheria ndogo zake za ujenzi. Niliombwa niwe kwenye kamati. Nilikubali kwa sababu mtu aliyejenga josho ana jambo la kusema.

Sheria yetu ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Tuliandika: hatua sitini kutoka korongoni. Tulidhani hatua ni hatua. Wiki ileile akaja mtu mmoja aliyetaka kujenga karibu, akaja na shangazi yake mwenye fimbo, mzee sana. Akasema, shangazi ndiye atakayepima. Tulimfuata yule shangazi polepole, tukihesabu naye, na alipofika hatua ya sitini bado tulikuwa tunasikia harufu ya matope ya korongo. Shangazi mwenyewe aligeuka akamuuliza mpwa wake, "Sasa hapa ndipo unataka kunizika?" Tukafuta hatua. Tukanunua kamba, tukaipima mita sitini kwa tepu yangu ya njano, tukaifunga mafundo, na mpaka leo inaning'inia ofisi ya kijiji. Tukaandika pia kwamba kamba inaanzia kwenye ukingo wa juu, mahali udongo unapovunjikia, maana kiangazi korongo letu halina maji, na kuna waliokuwa wanataka kuanzia katikati ya mchanga, wakisema, mto uko wapi?

Hayo yalipita kirahisi. Kilichokuwa kigumu ni njia za ng'ombe. Nilipendekeza zifunguliwe, kila moja, na mtu asijenge wala kulima ndani yake. Wakulima wakanung'unika. Jirani wa Mama Tluway akasimama.

"Fundi, wewe ni mtu wetu wa Mbulu, mtu wa jembe. Tangu lini unawasemea ng'ombe?"

"Tangu waliponifundisha kazi," nikamjibu. "Nisikilize. Ukiifunga njia ya ng'ombe, ng'ombe atapita kwenye maharage yako, utamfukuza, ataenda. Ukiifunga njia ya maji, maji nayo yatapita kwenye maharage yako. Hayo utayafukuza kwa fimbo gani?"

Wakacheka, nikadhani nimeshinda. Ndipo Mama Tluway aliposimama akasema habari ya kaburi, kama alivyoniambia. Hakuna aliyetaka kumpinga mjane kuhusu kaburi la mumewe, na mimi nikaketi. Hata Gidamuda aliangalia chini.

Bibi alikuwa ameletwa kwa kiti, amewekwa mbele pamoja na wazee. Akagonga kikombe chake cha bati kwenye mkono wa kiti. Kilekile.

"Mimi ndiye niliyekaa majini," akasema. "Mbona hakuna anayeniuliza?"

Mtendaji akamwomba aseme.

"Huyo aliyelala pale nilimzaa mimi. Mke wake amemlilia, na mimi nimemlilia. Aliko hahitaji paa. Mimi bado nahitaji." Akamgeukia Gidamuda. "Na wewe uliyenibeba. Ng'ombe wako wana adabu?"

"Wana adabu kuliko mimi, Bibi."

"Hilo si gumu. Basi otesha minyaa upande wa mwanangu. Miwili miwili, karibu karibu. Ishike kwanza ardhini ndipo upitishe hata ndama. Na Fundi atuhamishie nyumba pale panapoinuka, ila dirisha langu litazame kaburi. Nikiona kwato imevuka, nitagonga kikombe."

Mama Tluway aliketi. Baada ya muda nilimwona anafuta uso kwa kanga, halafu akamwinamia mama mkwe wake akamwambia kitu sikioni, na Bibi akampigapiga mkono. Sheria ya njia za ng'ombe ilipita siku ile. Tuliandika upana wake kwa namna ambayo kila mtu anaielewa: makundi mawili ya ng'ombe yapishane bila kugusana.

Gidamuda alileta minyaa yeye na ndugu zake, wakaipanda wenyewe. Mama Tluway aliwapikia. Mimi nilianza kujenga.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ni ujuzi na hauuzwi dukani. Maji ya mwaka ule yalikuwa yameacha mstari wa tope kwenye shina la mgunga uliokuwa kando ya njia. Nilitaka kujua mstari ule ukifika kwenye kiwanja kipya utakuwa kimo gani. Nikachukua mpira mrefu, ule mweupe unaoonyesha ndani, nikaujaza maji. Mimi nikashika ncha moja kwenye mstari wa mgunga, Mama Tluway akashika nyingine kwenye kigingi kiwanjani. Maji yakitulia, ncha zote mbili zinakuwa kimo kimoja, hata kama kati yenu kuna kichaka na mbuzi. Angalieni tu mapovu. Mpira wenye povu unadanganya, na utakudanganya kwa sauti ya ukweli. Tuliutikisa mpaka mapovu yakaisha. Mama Tluway akafunga uzi mwekundu kwenye kigingi pale maji yalipotulia.

Uzi ulikuwa chini kidogo ya goti langu.

Akautazama kwa muda. "Kwa hiyo hata hapa yangefika."

"Yangefika. Ndiyo maana sakafu itakuwa juu ya uzi, na mkono mmoja zaidi, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole."

Nilichimba msingi mpaka sururu ikagonga udongo mgumu ikatoa mlio. Kwenye udongo mweusi wa mbugani msiridhike na kina mlichozoea. Udongo ule unapasuka kiangazi na kuvimba masika, na nyumba iliyokaa juu yake inapasuka na kuvimba nao. Msingi nikajenga kwa mawe na saruji. Mistari ya chini ya ukuta, matofali ya kuchoma na saruji. Juu, Mama Tluway alipoishiwa matofali ya kuchoma, tukatumia ya udongo tukayapiga lipu, kwa sababu pale juu maji hayafiki, na mtu wa kawaida hawezi kujenga kila kitu kwa saruji. Fundi mzuri anajua pa kuiweka ile kidogo aliyonayo. Lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, ikazunguka nyumba yote na nondo zake zikafungwa kwenye kona, kama mshipi. Milango ikawa miwili, ya pande tofauti, na yote ikafungukia nje. Mbele, badala ya ngazi, nikaweka mteremko wa mawe, ili kiti cha Bibi kipande na kushuka bila kunyanyuliwa juujuu.

Kizingiti sikuweka. Kile cha zamani nilitaka kukivunja kwa nyundo nikitumie kama kokoto. Bibi akakataa.

"Kiache. Kilete hapa barazani."

"Bibi, kina jina langu."

"Ndiyo maana."

Masika yaliyofuata yalikuwa makubwa. Mimi nilikuwa Maretadu wakati mvua inanyesha, na sikupata usingizi mzuri mpaka nilipopanda basi. Kutoka barabarani niliteremka kwa miguu, magoti yanalia, ninaangalia mbele tu kama mtu anayekwenda kusikia majibu ya hospitali. Kwanza nikaona njia. Ilikuwa imejaa tope laini, limelala kutoka juu mpaka chini katikati ya minyaa, bila kuacha pengo na bila kuvuka. Minyaa michanga ya upande wa kaburi ilikuwa imeshika mabua na takataka mpaka kiunoni mwake. Nyuma yake kaburi lilikuwa kavu, na msalaba wake umesimama wima.

Kisha nikaiona nyumba. Kwenye msingi kulikuwa na mstari wa tope, mwembamba, chini ya sakafu kwa mkono mmoja na kidogo.

Mama Tluway alikuwa anaanika maharage kwenye turubai. "Shikamoo, Fundi. Karibu chai."

Bibi alikuwa barazani kwenye kiti chake. Nikamsalimia.

"Marahaba. Umechelewa," akasema. "Maji yamepita. Ng'ombe wa Gidamuda nao wamepita asubuhi."

Nikageuka kutazama. Ni kweli, juu ya lile tope laini zilikuwepo kwato, mamia, zote zikielekea upande mmoja, na hakuna hata moja iliyovuka minyaa.

"Hukugonga kikombe?" nikamuuliza.

"Sikupata sababu."

Bibi bado yupo, na nyumba bado ipo. Siku hizi mafundi vijana wa Nangwa na Katesh wakianza kiwanja, wapo wanaokwenda kwa Gidamuda kwanza, naye anajifanya hana muda halafu anazungumza mpaka jua linazama. Kamba ya mafundo ipo ofisini, ombeni mtaazimwa. Na mkipita kule, mwamkieni Bibi barazani. Atawauliza mmejenga wapi na nani kawaruhusu. Mkimjibu vizuri ataondoa miguu yake, na pale chini, kwenye zege anapoiegemeza kila asubuhi akinywa chai, mtasoma jina langu.